Mshahara wa Mfamasia na Bei ya Cheti Chake

Famasi ya mtaani inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, siku zote 7 za wiki, hukaa wazi kwa saa 98. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za mfanyakazi wa Tanzania Bara zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 nayo inataka biashara hiyo iendeshwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Ukizisoma sheria hizo mbili kwa pamoja, duka moja linahitaji wafamasia wawili na ziada kidogo ili wakati wote awepo mmoja. Maduka mengi yana mmoja tu, na yapo ambayo huyo mmoja anaonekana zaidi ukutani, kwenye fremu ya cheti, kuliko anavyoonekana nyuma ya kaunta.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu maslahi ya wafamasia huanza na kiwango cha mshahara na kuishia hapohapo. Kijana aliyefaulu vizuri Kemia na Baiolojia anauliza: nikisoma famasi nitalipwa shilingi ngapi? Ana haki ya kuuliza, na nitamjibu kwa kadiri ninavyoweza. Lakini jibu linategemea mwajiri ananunua nini. Kuna anayenunua saa za mtu, akili yake na uwepo wake, na kuna anayenunua jina lake ili leseni itoke. Hawa wa pili ndio wanaoshusha bei ya kazi kwa wote, hata kwa yule ambaye hajawahi kukodisha cheti maishani mwake.

Njia ya kufika huko si fupi. Shahada ya famasi ni miaka 4, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, viwandani na kwenye taasisi nyingine, pamoja na mitihani ya Baraza la Famasi kabla ya usajili kamili. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa mmoja, Muhimbili, ambako mafunzo ya wafamasia yalianza mwaka 1974. Wahitimu walikuwa wachache na serikali iliwasubiri. Baadaye vikaja Chuo Kikuu cha St. John's cha Dodoma, Bugando kule Mwanza na vingine, huku vyuo vya stashahada vikitoa mafundi dawa sanifu kwa miaka 3 ya masomo. Waliomaliza katikati ya muongo uliopita walikuta hali nyingine kabisa: Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mtu aliyedhani atapangiwa hospitali ya wilaya akajikuta anazunguka na bahasha kwenye maduka ya Kariakoo. Soko binafsi lilielewa upesi kwamba wenye njaa ni wengi.

Serikalini mfamasia huingia katika ngazi za mishahara za watumishi wa afya, TGHS, akianzia daraja la II, na kupanda kwake kunafuata utaratibu unaojulikana. Faida ya huko haiko katika tarakimu ya mwezi wa kwanza. Iko katika mshahara unaofika bila kuombwa, likizo isiyo na ugomvi, pensheni ya PSSSF, ruhusa ya kwenda kusoma, na benki inayokukopesha kwa sababu inajua mwajiri wako hatafunga milango mwezi ujao. Ongeza posho ya kuitwa kazini nje ya saa na ya ekstra duti pale hospitali inapokuwa na makusanyo ya kuilipa. Zisipolipwa miezi mitatu mfululizo, chuki huingia hata kwa mtu mpole.

Kazi yenyewe huko imegawanyika kwa namna ambayo wanafunzi hawaambiwi. Anayedhani atakaa dirishani akizungumza na wagonjwa hujikuta zaidi stoo. Anahesabu, anajaza kadi za dawa, anaandaa ripoti na maombi kwenda Bohari ya Dawa kupitia mfumo wa kielektroniki, na kitu kinapokosekana Bohari anaanza safari ya kukitafuta kwa Mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima. Akitoka hapo anakutana na mkaguzi anayetaka kujua kopo lililopokelewa mwezi wa pili lilitumika wapi. Naona kazi hii ni ya heshima kubwa, kwa sababu dawa isiyoagizwa kwa wakati hakuna daktari anayeweza kuiandika ikapatikana. Tatizo ni kwamba aibu ya rafu tupu humwangukia yeye, ilhali bajeti hakuipanga na deni la hospitali kule Bohari hakulitengeneza. Mgonjwa aliyesafiri kutwa nzima hamjui mkurugenzi wa halmashauri. Anamjua aliyemwambia dirishani kwamba dawa hakuna.

Katika zahanati na vituo vingi vya afya hakuna mfamasia kabisa, wala fundi dawa. Muuguzi ndiye anayetoa dawa, usiku anashika pia ufunguo wa kabati la dharura. Kwa hiyo nchi ina wafamasia wanaotafuta ajira na wakati huohuo ina madirisha ya dawa yasiyo na mtaalamu. Kinachokosekana katikati ni vibali vya ajira na fedha za kuwalipa.

Tuje sekta binafsi. Nitatumia hesabu ya mfano tu, kila mmoja aibadilishe kulingana na duka analolijua. Chukua famasi inayouza 800,000 kwa siku, yaani 24,000,000 kwa mwezi. Kama inaongeza robo juu ya bei ya kununulia, faida ghafi ni 4,800,000. Toa pango 700,000. Umeme wa jokofu na kiyoyozi, ulinzi na intaneti 250,000. Wauzaji wawili 800,000 pamoja na michango yao, ambao kwa hesabu hiyo hawafikii hata kima cha chini cha serikali cha 500,000 kilichoanza Julai 2025. Kodi, leseni na ada mbalimbali 600,000. Dawa zilizoisha muda rafuni 250,000. Zinabaki 2,200,000.

Sasa mwajiri mfamasia kwa 1,200,000, ongeza mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mwenye duka anabaki na chini ya 900,000 kwa mtaji wa mamilioni ulioko rafuni. Ajiri wawili ili kuzifunika zile saa 98 na duka linaingia hasara ya zaidi ya 400,000 kila mwezi. Lakini mwenye duka akimlipa mtu 400,000 kwa ajili ya cheti tu, anabaki na 1,800,000. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo mitaani. Kumwita mwenye duka mchoyo hakutatui chochote maadamu hesabu yenyewe inamsukuma huko.

Upande wa mfamasia hesabu ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mshahara wa 1,200,000 ukipita kihalali, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 120,000. Kodi ya mapato katika kinachobaki ni 152,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi anabaki na 748,000 kwa mwezi mzima wa kusimama. Zile 400,000 za cheti kwa kawaida hupita mkononi au kwenye simu bila makato, na hazimtaki afike dukani. Akiwa na kazi nyingine mahali pengine, huziona kama nyongeza ya bure.

Bure haipo. Kuna mama anayemeza dawa ya presha pamoja na ya maumivu aliyouziwa na mtu asiyejua kwamba dawa nyingi za maumivu hupandisha presha. Kuna pia mhitimu asiyekodisha cheti anayekaa mbele ya mwenye duka kuomba 1,200,000, akaambiwa kwa uso mkavu kwamba fulani anatosheka na theluthi ya hizo. Hakuna aliyemwambia kuwa fulani haji kazini. Kila cheti kinachokodishwa kinashusha bei ya saa moja ya mfamasia aliyepo, na ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu wanaokodisha ni wataalamu wazuri, wengi wao wakiwa walimu na viongozi wa wenzao.

Wapo wanaokwepa mvutano huo kwa kwenda kuwa wawakilishi wa kampuni za dawa, kuingia viwandani, kwenye uagizaji au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwakilishi wa mauzo hupata kamisheni, mara nyingi usafiri, na hasimami kwenye kaunta. Analipa kwa namna nyingine: malengo ya mwezi, safari za mikoani, na elimu ya miaka 4 inayotumika kumshawishi daktari aandike jina moja badala ya jingine. Wengine wanaipenda kazi hiyo na kuifanya kwa uadilifu. Sitawalaumu.

Suala la saa linastahili kutazamwa kwa karibu kuliko mshahara, maana ndilo linalochosha mwili. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya kufanya kazi saa 5 mfululizo. Mfamasia aliye peke yake kaunta atampisha nani? Anakula wali huku anasoma cheti cha daktari, na sala ya Ijumaa anaikimbilia akiwa ameacha mlango kwa mlinzi. Saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki 4, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kazi ya usiku huhesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, nayo ina nyongeza ya asilimia 5, hivyo anayefunga duka saa 4 anastahili nyongeza hiyo kwa saa 2 za kila siku. Ni wangapi wanaiona kwenye hati ya mshahara? Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku kwa ajili ya mtoto, haki ambayo dukani kwa mtu mmoja haiwezi kutekelezwa hata mwajiri akiwa na roho nzuri kiasi gani.

Kuna mlango mwingine ambao waajiri wajanja huutumia. Masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mhitimu wa mwaka jana anapewa cheo cha meneja wa tawi, wasaidizi wawili chini yake, mkataba wenye maneno "saa za kazi kulingana na mahitaji", na hapo ziada yake yote inapotea. Anayepewa cheo hicho apime kama kweli ana madaraka ya kuajiri, kupanga zamu na kusema hapana. Kama hana, cheo ni njia ya kumnyima malipo.

Je, mtu anaridhika? Marekani inatoa ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa. Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya nchi hiyo, mwaka 2023 mshahara wa kati wa mfamasia ulizidi dola 136,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo, Septemba, wafamasia wa maduka ya CVS katika eneo la Kansas City waliacha kwenda kazini, na mwezi uliofuata wenzao wa Walgreens wakafuata katika miji mbalimbali. Kilio chao kikubwa kilikuwa upungufu wa wasaidizi na mzigo wa chanjo, simu na vyeti vya dawa usioacha dakika ya kukagua dawa kwa makini. Waliogopa kumdhuru mtu. Fedha ya kutosha haikuiondoa hofu hiyo.

Hofu ya aina hiyo ipo Mbagala na Nyegezi pia, ila chimbuko lake hapa ni jingine. Famasi zetu zinaishi kwa kuuza tu. Hakuna malipo kwa ushauri. Mtoto anaharisha, mama anakuja kuomba flajili. Jibu sahihi kwa watoto wengi wa namna hiyo ni ORS na zinki, maelezo ya jinsi ya kuchanganya, na dalili za hatari za kumkimbiza hospitali. Maelezo hayo yanachukua robo saa, na faida yake ni ndogo kuliko ya antibayotiki na sirapu juu yake. Kijana anaomba antibayotiki ya Azuma bila cheti cha daktari. Ukimwelekeza maabara, anavuka barabara na kuinunua duka la pili. Wa tatu anataka nusu dozi kwa sababu ndizo fedha alizo nazo. Tanzania ilikuwa na mpango kazi wa taifa wa mwaka 2017 hadi 2022 wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na katika mapambano hayo kaunta ya famasi ni ngome muhimu. Lakini mshahara wa mlinzi wa ngome hiyo unatokana na idadi ya wanaopita. Kila anapofanya alichofundishwa, anapunguza mauzo yatakayomlipa mwisho wa mwezi.

Nadhani hapo ndipo moyo wa wengi huvunjika, kabla hata ya kufika kwenye kiasi cha fedha. Mtu amejifunza jinsi dawa inavyopita kwenye ini na figo, anajua kwa nini mgonjwa wa kifafa asibadilishiwe dawa ovyo, kisha anapimwa kwa mauzo ya jioni. Muulize mfamasia aliyepata nafasi ya kuzunguka wodini na madaktari, anayepunguza dozi ya mgonjwa wa figo na kuona amepata nafuu, hata kama posho yake imechelewa; uso wake ni mwingine. Elimu yake inatumika.

England wamejaribu kulipa ushauri wenyewe. Tangu tarehe 31 Januari 2024, chini ya mpango wa Pharmacy First, famasi inaweza kumhudumia mtu mwenye mojawapo ya magonjwa 7 ya kawaida na, kwa masharti, kumpa dawa bila kupitia kwa daktari, na ulipoanza ililipwa paundi 15 kwa kila mashauriano. Mpango una manung'uniko yake, lakini unaweka bei kwenye maarifa badala ya kidonge. Kwetu mlango wa kuanzia upo: bima. Famasi zinazohudumia wanachama wa mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, hulipwa kwa orodha ya bei za dawa, na mabadiliko ya kitita cha mafao ya Machi 2024 yalionyesha jinsi mgogoro unavyowaka pale bei hizo zinapoguswa, kiasi cha hospitali binafsi kukataa kadi kwa muda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipitishwa mwaka 2023. Ada ndogo ya ushauri kwa mgonjwa wa kisukari au presha anayerudi kila mwezi, ikilipwa tu pale mfamasia mwenyewe amehusika na kuweka kumbukumbu, ingemfanya mwenye duka amtake mtu huyo awepo.

Majirani zetu Kenya wametumia nguvu ya umoja. Wafamasia wa huko wako chama kimoja na madaktari na madaktari wa meno, KMPDU, chama kilichogoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 na kupata mkataba wa pamoja wa 2017. Machi 2024 kiligoma tena siku 56, safari hii hasa kwa ajili ya watarajali, wafamasia wakiwemo, ambao mkataba uliwapa zaidi ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi ilhali serikali ilitaka kuwalipa 70,000. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo serikali ikakubali kuuheshimu mkataba. Wagonjwa waliumia katika migomo hiyo, na hilo lisifichwe. Hapa kwetu chama cha wafanyakazi cha TUGHE kinawabeba watumishi wa afya wa serikali pamoja na wengine wengi, na Chama cha Wafamasia kinashughulika zaidi na taaluma. Mfamasia wa duka binafsi hana wa kumsemea mezani, na amesambaa duka moja moja kiasi kwamba wenzake wa mtaa wa pili hawamjui.

Kwa hiyo kijana aliyeuliza shilingi ngapi, akipewa mkataba, atazame mambo manne kabla ya tarakimu: saa za kazi zimeandikwa au hazikuandikwa, nani anampokea akienda kula, NSSF inachangiwa kwa mshahara wote au kipande chake, na kama ana mamlaka ya kukataa kuuza. Hilo la mwisho litaamua atadumu miaka mingapi.

Na Baraza la Famasi, katika maoni yangu, lina chombo rahisi ambacho kingefanya kazi kuliko ukaguzi wa kushtukiza. Kila mwaka duka likija kuhuisha kibali, lilete kumbukumbu za michango ya NSSF ya mfamasia msimamizi kwa miezi 12 iliyopita, kutoka duka hilohilo, kwa mshahara unaolingana na kazi ya muda wote au wa saa zilizotajwa kwenye mkataba. Cheti kilichokodishwa hakina michango. Mtumishi wa serikali aliyeweka jina lake dukani ataonekana mara moja. Najua pingamizi: maduka mengine yatafungwa, hasa mbali na miji. Kwa huko tayari tuna utaratibu wa duka la dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, wenye watoa dawa waliofunzwa na orodha ya dawa inayolingana na uwezo wao. Duka lisiloweza kumlipa mfamasia na likafanye biashara hiyo, kwa jina hilo na orodha hiyo, na fremu ya cheti cha mtu asiyekuwepo ishuke ukutani.